Chafua Kwanza, Safisha Baadaye? Tuuulize Mto Emscher

Kila aliyepitia kidato cha nne katika somo la Jiografia anaujua wimbo wa Ruhr. Hata ukimwamsha usiku wa manane atakuimbia bila kujikwaa: eneo la Ruhr nchini Ujerumani lilistawi kwa viwanda vya chuma kwa sababu lilikuwa na makaa ya mawe tele, reli na njia za maji za kusafirishia mizigo, wafanyakazi wenye ujuzi, soko kubwa la Ulaya na maji ya kutosha. Tukifika hapo kwenye "maji ya kutosha" tunaweka nukta, tunapata alama yetu, tunaenda zetu.

Mimi leo nataka tusiende zetu upesi hivyo. Hayo maji ya kutosha yalitoka wapi? Na yalipokwisha kutumiwa na mgodi, na kiwanda, na choo cha kila nyumba, yalielekea wapi? Jibu lake ni mto mmoja mdogo ambao wengi wetu hatujawahi kuusikia. Jina lake ni Emscher. Nauleta hapa kwa sababu kuna hoja fulani inayopendwa sana siku hizi, darasani, kwenye mijadala na hata kwa watu wazima: eti nchi ikitaka maendeleo lazima ikubali kuchafua kwanza, kisha ikishatajirika itasafisha baadaye, kama walivyofanya Wazungu. Ukimsikiliza msemaji wa hoja hiyo utadhani kusafisha mto ni kama kufua shati: unalivua, unaliloweka, kesho unalivaa. Maoni yangu ni kwamba hoja hiyo ni ya uongo, na shahidi wangu ni huo Emscher wenyewe.

Kwanza tuujue mto. Emscher unaanzia Holzwickede, mji mdogo ulio kusini mashariki mwa Dortmund, mahali palipo yapata mita 150 tu juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo unaelekea magharibi kwa kilomita 83 hivi, ukipita Dortmund, Castrop-Rauxel, Herne, Gelsenkirchen, Essen, Bottrop na Oberhausen, hadi unapoingia Mto Rhine karibu na Dinslaken. Mbele ya Tana wetu huo ni mtoto mchanga. Kusini mwake kuna Mto Ruhr, ule uliolipa eneo zima jina lake. Kaskazini kuna Mto Lippe. Mito yote mitatu huelekea magharibi kama ndugu watatu wanaokwenda kumwamkia babu yao Rhine. Sasa katika ndugu hao watatu, Emscher ndiye mdogo na ndiye mpole. Na mpole, kama tunavyojua, ndiye anayetwishwa mizigo.

Zamani bonde la Emscher lilikuwa tambarare lenye vinamasi na misitu. Kwa kuwa mteremko ni mdogo, maji yalijiendea polepole, yakipinda huku na kule na kufurika kila mvua iliponyesha. Farasi wa mwituni waliishi katika vinamasi hivyo hadi karne ya 19, na soko la kuwauza likawa chanzo cha sherehe kubwa ambayo hufanyika mpaka leo kila mwaka huko Crange, mjini Herne. Watu walikuwa wachache. Walilima, wakavua, wakasaga nafaka kwa vinu vya maji.

Kisha makaa yakaja. Au tuseme, watu wakayafuata makaa. Kando ya Mto Ruhr makaa yalikuwa karibu na uso wa nchi, na huko ndiko uchimbaji ulikoanza. Lakini tabaka za makaa huinama kuelekea kaskazini, kwa hiyo wachimbaji nao walizifuata kaskazini na chini zaidi, hadi wakafika katika bonde la Emscher katikati ya karne ya 19. Mwaka 1847 reli ya kutoka Köln hadi Minden ilikamilika, nayo ilipita katika bonde hilohilo. Baada ya hapo, lo! Vijiji viligeuka miji kabla mtu hajafumba jicho. Migodi, viwanda vya chuma, matanuri ya kuokea makaa na nyumba za wafanyakazi vilisongamana pande zote mbili za mto. Na vyote hivyo vilitupa uchafu wake mahali pamoja.

Hapa pana jambo ambalo vitabu vyetu vya shule hupita mbio, nalo ndilo kiini cha kisa hiki. Ukichimba makaa chini ya ardhi unaacha pango. Pango likiporomoka, ardhi ya juu hutitia. Katika bonde la Emscher ardhi ilididimia kwa mita nyingi, mahali pengine zaidi ya mita 10. Fikiria mto ambao tayari ulikuwa hauna mteremko wa maana, halafu sakafu yake inashuka hapa na kubaki juu pale. Maji yatakwenda wapi? Yalituama. Maji ya chooni, ya migodini na ya viwandani yalisimama mabarazani pa watu, yakaingia vyumba vya chini vya nyumba na kuharibu visima. Magonjwa yakafuata nyuma kama mkia.

Mwaka 1901 homa ya matumbo ilizuka Gelsenkirchen na vitongoji vyake. Zaidi ya watu 3,000 waliugua na mamia wakafa. Aliyeitwa kuchunguza alikuwa Robert Koch, daktari yuleyule ambaye miaka michache baadaye, mwaka 1906, alikuja kwetu Afrika Mashariki kuchunguza ugonjwa wa malale katika visiwa vya Sese kwenye Ziwa Victoria. Iligunduliwa kwamba watu waliuziwa maji ya mferejini yaliyokuwa yamechanganywa na maji ya Mto Ruhr ambayo hayakuchujwa. Kwa hiyo eneo lile tunalolisifu kwa "maji ya kutosha" lilikuwa na maji ya kutosha kuua watu wake.

Watu wa huko hawakukaa wakitazamana. Mnamo Desemba 1899, miaka miwili kabla ya maafa hayo, miji, migodi na viwanda vya bonde lile vilikutana Bochum na kuunda chama kimoja, Emschergenossenschaft, yaani Ushirika wa Emscher. Mwaka 1904 serikali ya Prussia ikakipa nguvu za kisheria. Kila mji, mgodi na kiwanda cha bonde hilo kikawa mwanachama, apende asipende, na kulipa kulingana na uchafu na usumbufu kinaouleta. Wazo hili ni zuri na nitalirudia baadaye.

Lakini uamuzi walioufanya ulikuwa mchungu. Mabomba ya chini ya ardhi hayakuwezekana, manake ardhi iliyokuwa ikititia kila mwaka ingeyavunja kama njiti. Basi waliamua kwamba Ruhr uhifadhiwe uwape watu maji ya kunywa, na Emscher ubebe uchafu wote. Kuanzia mwaka 1906 mto ulinyooshwa ukawa kama rula, ukachimbwa zaidi, ukawekewa sakafu na kingo za saruji na kufungiwa kati ya matuta. Mahali ardhi ilipozidi kushuka, matuta yaliinuliwa, hata mto ukawa unapita juu kuliko paa za nyumba zilizo kando yake. Vijito vyake navyo vilifanyiwa vivyo hivyo. Na kwa kuwa mdomo wa mto nao ulikuwa ukididimia, ulihamishwa mara mbili kuelekea kaskazini, mwaka 1910 na mwaka 1949, ili mto uukute Rhine mahali ambapo Rhine umeshuka zaidi. Je, umewahi kusikia mto ukihamishwa mdomo kama mtu anayehamisha mlango wa nyumba?

Tusiwalaumu wahandisi wale ovyo ovyo. Maji machafu yaliyokuwa yakituama yaliondoka, na watu wengi waliokoka na maradhi. Hata elimu ilipatikana: mwaka 1906 mhandisi Karl Imhoff alibuni huko tangi la vyumba viwili, kimoja juu na kingine chini. Uchafu mzito hutua kutoka chumba cha juu na kuoza polepole katika chumba cha chini. Duniani kote wahandisi huliita tangi la Imhoff, lakini Wajerumani huliita kisima cha Emscher. Ndiyo sifa iliyobaki kwa mto ule, kuwa jina lake limepewa tangi la uchafu.

Hivyo Emscher ulikufa. Haukuuawa na mjinga mmoja aliyetupa takataka usiku. Uliuawa kwa mpango, kwa ramani na kwa sheria, na watu wenye elimu zao. Kwa miaka 100 hivi ulikuwa mfereji wa majitaka usiofunikwa, unaopita katikati ya miji yenye zaidi ya watu milioni mbili. Samaki hawakuwamo. Kingo zilizungushiwa ua na mabango ya kuwaonya watoto kuwa hapo ni hatari kwa maisha, kwa sababu aliyeteleza juu ya saruji ile yenye utelezi hakuwa na pa kushikilia. Wenyeji walivipa vijito vyake jina la Köttelbecke, na kwa heshima ya walimu wetu nitalitafsiri kwa upole: kijito cha choo.

Na ni nani waliokaa kando ya uvundo huo? Matajiri walijenga kusini, kwenye vilima vya upande wa Ruhr, ambako hewa ni safi. Wachimbaji makaa na wafua chuma walikaa kaskazini, karibu na Emscher. Hata leo barabara kuu ya A40, inayokata eneo hilo kutoka mashariki hadi magharibi, huitwa na wenyeji "ikweta ya kijamii", kwa kuwa hali ya maisha kusini mwake si sawa na kaskazini mwake. Sisi tunaoishi kwenye ikweta ya kweli tunaielewa lugha hiyo vizuri. Uchafu ukitafuta pa kwenda, hukuta daima mlango wa maskini uko wazi.

Sasa nirudi kwa rafiki yangu wa "chafua kwanza". Nina hakika atasema: "Lakini si waliusafisha? Wewe mwenyewe unajua waliusafisha." Naam, waliusafisha, na nitawapa sifa zao. Ila hebu tuihesabu bei, kwa sababu mfanyabiashara anayehesabu faida bila kuhesabu deni si mfanyabiashara.

Kwanza, wakati. Migodi ilipofungwa au kusonga mbali kaskazini, na ardhi ya bonde ikaacha kutitia, mabomba ya chini yakawezekana kwa mara ya kwanza. Uamuzi wa kuurudisha mto ulifanywa mwaka 1991, na kazi ikaanza mwaka 1992. Majitaka ya mwisho yalitolewa katika Emscher mwishoni mwa mwaka 2021. Yaani miaka 30! Mtoto aliyezaliwa siku ya kwanza ya kazi alikuwa mtu mzima, pengine mzazi, kazi ilipokwisha. Na tukihesabu tangu mto ulipogeuzwa mfereji mwaka 1906, vizazi vinne vilizaliwa kando yake bila kuujua kama mto.

Pili, kazi yenyewe. Si mchezo. Ilibidi vijengwe au kupanuliwa vituo vikubwa vya kusafishia majitaka huko Dortmund, Bottrop na Dinslaken. Ilibidi zaidi ya kilomita 400 za mabomba mapya zilazwe chini ya ardhi. Bomba kubwa kuliko yote lina urefu wa kilomita 51, kutoka Dortmund hadi Dinslaken. Wanahesabu wenzangu, hebu tazameni: majitaka hayawezi kwenda bila mteremko, na bomba hilo hushuka mita moja na nusu kwa kila kilomita. Zidisha kwa 51 utapata mita 76 na ushee. Kwenye nchi tambarare namna ile, bomba lingekuwa limezama kama mgodi kabla ya kufika mwisho. Ndiyo sababu lilijengewa vituo vitatu vya pampu, Gelsenkirchen, Bottrop na Oberhausen, ambavyo huyainua maji kutoka vilindi vinavyofikia karibu mita 40 na kuyapa mwanzo mpya. Baada ya majitaka kupata njia yake chini, ndipo saruji ilipoanza kubomolewa juu, kijito baada ya kijito, na mto kuachiwa nafasi ya kupinda tena.

Tatu, pesa. Gharama ilikuwa yapata yuro bilioni 5.5. Tukikadiria shilingi 150 kwa yuro moja, hizo ni shilingi bilioni 825. Kwa mto wa kilomita 83! Serikali ya jimbo na Umoja wa Ulaya zilichangia sehemu, lakini mzigo mkubwa umebebwa na wanachama wa Ushirika, na mwanachama aliye mji huzipata pesa zake kwa mwananchi anayelipia maji kila mwezi.

Na hapo ndipo hoja ya "tutajirike kwanza" inapovunjika mguu. Tunaambiwa kwamba utajiri utakaopatikana kwa kuchafua ndio utakaolipia usafi. Mbona haikuwa hivyo? Wakati wa kulipa ulipofika, wengi wa waliotajirika walikuwa wamekwisha kufunga virago. Tazama kiwanda cha chuma cha Phoenix huko Hörde, Dortmund, ambacho Emscher ulipitishwa chini yake ndani ya bomba. Kilifungwa mwaka 2001, mitambo yake ikanunuliwa na Wachina, ikafunguliwa msumari kwa msumari, ikapakiwa na kwenda zake China. Mgodi wa mwisho wa makaa ya mawe katika Ujerumani nzima, ulioko Bottrop, ulifungwa Desemba 2018. Makaa yamekwisha, chuma kimehama, deni limebaki. Anayelilipa ni mjukuu wa mchimbaji, ambaye hakupata hata senti ya makaa yale. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Huko Emscher mjukuu ndiye anayetumiwa hati ya malipo.

Tena kuna sehemu ya deni isiyolipika kabisa. Kwa kuwa ardhi ilididimia, karibu asilimia 40 ya bonde la Emscher sasa liko chini kiasi kwamba maji hayawezi kutoka yenyewe. Pampu lazima zifanye kazi usiku na mchana. Zikizimwa, sehemu za miji hiyo zitageuka maziwa. Aidha, maji yanayojaa katika migodi iliyoachwa lazima yapigwe pampu yasipande na kuchanganyika na maji ya kunywa. Wajerumani wenyewe huziita "kazi za milele", na mwaka 2007 waliunda wakfu maalumu wa kuzigharamia. Sikilizeni neno hilo: milele. Makaa yalichimbwa huko kwa miaka 150 au zaidi kidogo, na malipo yake hayana mwisho. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini hawa hata ukuta haukuwatosha.

Nisije nikaonekana mpinzani wa kila kitu, niseme pia yaliyo mema. Mto unapumua. Mwaka 2010 katika uwanja wa kile kiwanda cha Phoenix walianza kujaza maji ziwa la hekta 24, na Emscher, uliofukuliwa kutoka bombani, unapita kando yake mchana kweupe. Kereng'ende wamerudi, na mdiria, yule ndege mvuvi hodari, amerudi pia. Samaki mmoja mdogo wa chini ya mawe, ambaye wataalamu wa huko humwita Groppe, alikuwa amesalia katika sehemu ya juu ya kijito kimoja tu kiitwacho Boye, mahali ambapo uchafu haukufika. Kutoka kwa hao wachache, wengine walichukuliwa na kupelekwa katika vijito vilivyosafishwa. Mwaka 2022 mdomo mpya ulifunguliwa kwenye Rhine, bonde pana la kama hekta 20. Zamani mto ulianguka hapo kutoka juu kwa kishindo na samaki hakuweza kupanda. Sasa unaingia taratibu, na samaki wa Rhine akitaka kutembelea Emscher, karibu.

Hata hivyo tusidanganyane kwamba Emscher umerudi kuwa ule wa farasi wa mwituni. Ni mto uliotengenezwa upya kati ya reli, barabara na nyumba, usioweza kurudishiwa vinamasi vyake vyote. Katika sehemu zake za chini, maji mengi yanayopita ni yale yaliyotoka katika vituo vya kusafishia majitaka. Maji hayo ni safi kuliko yalivyokuwa, ila vituo hivyo haviwezi kunasa kila kitu, kama vile mabaki ya dawa tunazomeza. Mvua kubwa ikinyesha, baadhi ya maji ya barabarani na ya mabomba yaliyojaa bado huponyokea mtoni. Sheria ya maji ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2000 huuweka Emscher katika kundi la mito "iliyobadilishwa mno", ambayo haidaiwi usafi wa asili, bali ubora ule unaowezekana tu. Ni kama mwanafunzi aliyeugua muda mrefu: mwalimu hamwulizi mbona hukuwa wa kwanza, anamwuliza unaendeleaje.

Basi tujifunze nini sisi? Kuna wenzetu watakaosema Wajerumani waliweza kwa sababu ni matajiri, na sisi hatuna pesa kama hizo. Nakubali kabisa kwamba hatuna. Na kwa sababu hiyo hiyo hatuna ruhusa ya kuiga kosa ambalo hata tajiri limemtoa jasho. Mtu asiye na akiba ndiye anayepaswa kuogopa deni zaidi. Kuzuia uchafu usiingie mtoni leo ni kazi ya bomba moja, choo kimoja, kiwanda kimoja kilichosimamiwa barabara. Kuutoa baada ya miaka 100 ni kazi ya mabilioni.

La kuiga tunalo, nalo ni lile wazo la mwaka 1899. Waliona kwamba mto haujui mpaka. Mji wa juu ukimwaga, mji wa chini unakunywa. Kwa hiyo hawakuacha kila mji ufanye lake. Waliunda chombo kimoja kwa bonde zima, tangu chemchemi mpaka mdomoni, na kila anayechafua akalazimishwa kulipa. Chombo hichohicho ndicho kilichoua mto, na chombo hichohicho ndicho kilichoufufua kilipopewa lengo jingine. Na sisi tuna mito inayovuka kaunti bila kuomba kibali. Maji ya Mto Nairobi huingia Athi, Athi huitwa Galana na kisha Sabaki, na Sabaki huingia Bahari ya Hindi kaskazini ya Malindi. Anayemwaga taka Nairobi anamwagia mvuvi wa Malindi ambaye hajawahi kumwona. Wakifikiri kila mmoja kivyake, hakuna hata mmoja atakayeona kosa lake.

Kwa walimu wetu wa Jiografia nina ombi moja, nalitoa kwa heshima. Mtufundishapo habari za Ruhr, mtufundishe na Emscher. Tukiorodhesha faida za viwanda vile kwenye ubao upande wa kulia, tuorodheshe na gharama upande wa kushoto: mto mmoja, miaka 100, yuro bilioni 5.5, na pampu zisizolala. Si lazima mtihani uuulize. Sisi wengine tutakuwa wahandisi, wengine madiwani, wengine wenye viwanda. Siku moja karatasi itawekwa mezani mbele ya mmoja wetu, yenye mstari wa bomba unaoelekea mtoni, na mtu atamwambia, "Tia sahihi tu, tutasafisha baadaye."

Na kwa wenzangu wa mijadala: mara nyingine mtu akisimama na kusema Wazungu walichafua kwanza wakasafisha baadaye, msimpigie makofi upesi. Mwulizeni maswali matatu. Baadaye ni lini? Kwa pesa za nani? Na wale wanaokaa kando ya mto huo waishije mpaka siku hiyo ifike?